UZI: Niliyoyaona nikiwa kijana wa gereji kwa dereva wa Safari Rally

mtaita_mzee

Wakuu, salaam.

Kila mbio zetu za magari za Safari Rally hapa Kenya zikikaribia, vijana hubishana dereva yupi mkali: Ogier, Rovanperä, Evans. Haya, wote hao nimewatazama Naivasha na nimewavulia kofia. Ila sijaona uzi hata mmoja unaozungumzia vijana waliokuwa wakikaa nyuma ya pikapu, juu ya magurudumu ya akiba, wakilifukuza gari la tajiri wao usiku kucha ili walifikie kabla halijahitaji msaada. Mimi nilikuwa mmoja wao. Niliingia mwaka 1979 kwa dereva mmoja wa Nairobi aliyekuwa akishindana kwa pesa zake mwenyewe. Yeye ameshatangulia mbele ya haki. Jina lake nitalihifadhi kwa heshima ya familia yake. Sisi vijana tulimwita tajiri, nami nitamwita hivyo hivyo.

Kwa walio wadogo kwanza niwaeleze. Safari ya wakati ule haikuwa hii ya leo. Leo barabara inafungwa, gari linapimwa saa katika vipande vifupi, kisha linarudi kwenye hema safi lenye sakafu. Enzi zile barabara ilikuwa wazi. Basi, ng'ombe, lori la miwa, mama na kuni zake kichwani, wote mko njia moja. Siku za Pasaka, kilomita kama 5,000, usiku na mchana. Unapewa muda wa kutoka kituo kimoja hadi kingine, na sehemu nyingine muda wenyewe haufikiki hata ufanyeje. Kila dakika ya kuchelewa ni adhabu, na mwenye adhabu chache zaidi mwishoni ndiye mshindi.

Tena Pasaka ndiyo masika yenyewe. Mwaka 1963, halafu tena 1968, magari yaliyofika mwisho yalikuwa saba tu. Udongo mweusi ukilowa haumtambui dereva wa Ulaya wala wa Nairobi. Kwa hiyo hesabu ya kwanza ya Safari ilikuwa gari lako libaki zima. Mwendo ulikuja baadaye. Tajiri aliijua hesabu hiyo kuliko mtu yeyote niliyewahi kufanya naye kazi, na karibu yote niliyojifunza kwake yalitoka hapo.

Nilitoka Voi nimemaliza darasa la saba. Mjomba wangu alikuwa dereva wa lori lake la mizigo, akanipeleka kwenye gereji yake huko Grogan, yaani Kirinyaga Road kwa majina ya sasa. Tajiri alikuwa Mhindi mzaliwa wa Kisumu. Biashara yake ilikuwa vipuri, na rally ndiyo iliyokuwa mapenzi yake. Na fundi mkuu wake, Mluo wa Ahero, waliongea Kijaluo kitupu. Nasi alitusemesha Kiswahili, pole pole, kama mtu asiyependa kurudia neno.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuosha gari. Mnadhani kazi ndogo? Lile gari likirudi kutoka mazoezi lilikuwa limebeba shamba zima chini yake. Mpira wa maji upo pale ukutani, lakini tajiri hakutaka nianze nao. Alitaka nilale chini na brashi na kitambaa, nipitishe mkono kila mahali. Akaniambia, "Kijana, ufa haujifichi kwenye chuma safi. Mkono wako utauona kabla ya jicho langu." Na kweli, siku moja kidole kilipita juu ya mstari mwembamba kama uzi, pale springi inapokaa. Nikamwita. Aliacha wageni wake wa dukani, akaja na suti yake, akalala chini pembeni yangu juu ya saruji yenye oili, akapitisha kidole chake. Halafu akainuka na kumwambia fundi mkuu, "Huyu abaki na gari la rally."

Naendelea baadaye, macho yamechoka.

spana13

Mkuu hapa umenigusa, mimi ni fundi wa Arusha. Lilikuwa gari gani? Na ile habari ya kubadilisha shokamzoba njiani, tumekuwa tukisimuliwa tu. Mwaga vitu.

mtaita_mzee

Spana13, Datsun 160J. Wengine wanaliita Violet. Kabureta mbili, injini isiyo na maringo, na ukilifungua hata bodaboda wa leo angelielewa. Ndilo lililompa Shekhar Mehta ushindi mwaka 1979 akaendelea 1980, na miaka ya 1981 na 1982 akashinda tena na Violet GT. Minne mfululizo! Ukijumlisha na ule wa 1973 wa Datsun 240Z inakuwa mitano, na hadi leo hakuna aliyempita. Mehta alikuwa mtoto wa Uganda, familia yake ikafukuzwa na Amin mwaka 1972, na Pasaka iliyofuata akalishinda Safari. Tena siku hiyo yeye na Harry Källström walilingana kwa adhabu, ikabidi kanuni ya kuvunja sare ndiyo iamue. Gereji yetu ilikuwa na picha yake ukutani. Pembeni yake ilikuwa picha ya Joginder Singh, Kalasinga wetu wa Kericho, aliyeshinda 1965 na Volvo iliyokwishatumika, halafu 1974 na 1976 na Mitsubishi Lancer.

Sasa huduma. Timu za kiwanda, yaani zile za watengeneza magari wenyewe, zilikuwa na mafundi kila kona, helikopta, na ndege ndogo angani ya kupokezana redio. Sisi tulikuwa na pikapu moja na gari dogo la pili. Redio ya mawasiliano hatukuwa nayo. Tulitegemea saa ya mkononi, ramani iliyochorwa kalamu nyekundu, na taarifa za Sauti ya Kenya.

Gari likifika, tajiri hatoki kitini. Nevigeta, yule msoma ramani anayekaa pembeni ya dereva, anakimbia na kadi ya saa. Mafundi wawili wanaingia nyuma, mmoja mbele. Shokamzoba likitoka kwenye barabara ya mawe linaunguza. Huligusi bila gunia lililoloweshwa maji, na ukilimwagia maji linatoa mvuke. Kazi yangu ilikuwa vioo, taa na petroli. Petroli ya mapipa ilikuwa na maji, kwa hiyo niliimimina kwenye faneli yenye ngozi laini ya kuchujia. Ngozi ile huruhusu petroli kupita, maji yanabaki juu. Ukiharakisha, inafurika. Basi unasimama pale, watu wanapiga kelele, tajiri ana dakika zake zinakimbia, na wewe mkono wako uwe mtulivu.

Kitu kingine alichotufundisha ambacho mpaka leo nakitumia: kila nati ikishakazwa, unaipiga mstari wa rangi nyeupe kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma. Nati ikilegea, mstari unakatika. Usiku, na tochi, unapita chini ya gari na unajua mara moja. Huhitaji kushika spana mpaka uone mstari umekatika. Hapo utaokoa dakika ambazo mwingine anapoteza kwa kukaza vitu vilivyokwisha kukazwa.

binti_korogwe

Shikamoo baba. Nimesoma nikamkumbuka marehemu baba yangu. Alikuwa akitusimulia magari ya East African Safari yakipita milima ya Usambara, na watoto wa shule waliojipanga kando ya barabara. Shujaa wake alikuwa Bert Shankland wa Dar es Salaam na Peugeot 404. Kila akiona 404 alikuwa lazima ataje jina hilo. Je, huko Kenya mlimkumbuka?

mtaita_mzee

Marahaba binti yangu. Tungemsahau vipi? Alishinda 1966, akarudi 1967 akashinda tena, na gari la aina ile ile. Tajiri alimtaja kila mara alipotaka kutufundisha uvumilivu, kwa kuwa 404 halikuwa gari la kutisha kwa mwendo. Lilikuwa gari la kufika. Nick Nowicki naye alishinda miaka ile miwili ya magari saba, 1963 na 1968, na zote ni Peugeot. Kwa upande wa pili, Porsche na Lancia Stratos, magari yaliyoogopwa dunia nzima, hayakuwahi kuibeba Safari. Vic Preston mdogo alifika wa pili na Porsche 911 mwaka 1978, akakosa hapo. Baba yako alikuwa na jicho.

Wakati wenu kule ilikuwa safari ya nchi zote tatu kweli kweli, Kenya, Uganda na Tanzania. Mimi niliingia ikiwa imeshabaki Kenya peke yake, na wazee wa gereji walikuwa bado wanasikitika.

mpita_njia

Mzee samahani nikuulize wazi. Wengi wetu tuliofanya kazi gereji za matajiri tunakumbuka matusi na mishahara ya kubangaiza. Wewe unamsifia sana. Alikulipa? Au ni mapenzi ya utotoni tu?

mtaita_mzee

Mpita_njia, swali zuri na ninalijibu bila kuzunguka. Nilipata kwingine baadaye hayo unayoyasema, kwa hiyo najua tofauti. Tajiri alilipa kila mwisho wa mwezi, na wiki ya Safari alilipa nyongeza kabla ya kuondoka, si baada. Alisema mtu anayewaza nyumbani kwake hawezi kusikia gari.

Hilo neno kusikia ndilo lilikuwa lake. Jioni, wateja wakishaondoka, alikuwa akilitoa lile Datsun, anatupakia wawili watatu, anatuambia tufumbe macho. Anaendesha mpaka nje ya mji, barabara ya Magadi kule juu, kabla ya kuteremka bonde. Hasemi neno. Akirudi anamuuliza kila mmoja, "Umesikia nini?" Mmoja anasema beringi ya gurudumu la kulia inaimba. Mwingine anasema difu inalia gari likiachiwa mafuta. Tajiri anasikiliza mpaka mwisho, hata kama unakosea, hakucheki. Halafu tunalipandisha jeki tunaangalia nani amepata. Mimi nilikuja kujua beringi kwa kuweka kiganja juu ya springi na kulizungusha gurudumu polepole, unausikia mkwaruzo kwenye mfupa wa mkono kabla ya sikio.

Na alinilipia mtihani wa ufundi wa serikali, daraja la tatu, halafu la pili. Sikumwomba. Aliniita ofisini akanipa fomu imekwisha kujazwa, imebaki sahihi yangu. Hicho cheti ndicho kilichosomesha wanangu. Kwa hiyo ndugu yangu, sio mapenzi ya utotoni.

Ukitaka kujua mtu, msafiri naye usiku. Nitakusimulia usiku mmoja wa Voi.

Ilikuwa Safari ya 1982, mguu wa pwani. Huduma yetu ilipangwa kwenye kituo cha petroli pale Voi, mji wangu, na gari lilikuwa lije kutoka milima ya Taita. Wale wasioijua njia ya Wundanyi wafahamu kwamba ni kona juu ya kona, upande mmoja ukuta wa mlima, upande mwingine hakuna kitu. Mvua ilinyesha tangu jioni. Kijiji kizima kilishuka barabarani. Mama yangu alisikia nipo, akaja na ndugu zangu, amebeba sufuria la kimanga, chakula chetu Wataita, limefungwa kitambaa, na chupa ya chai ya maziwa.

Magari ya kiwanda yalipita kwanza. Zile Datsun za Mehta na wenzake, Opel ya Walter Röhrl ikinguruma. Halafu kimya kirefu. Muda wetu ukapita. Fundi mkuu akawa anatembea huku na huku bila kusema. Mnajua ile hali, kila taa inayotokea kwenye kona mnainuka, kumbe ni matatu.

Alikuja amechelewa sana, taa moja ya mbele haipo, na matope yamefika juu ya dirisha. Walikuwa wamezama mahali kabla ya Mwatate. Magari ya Safari wakati ule yalikuwa na vishikio viwili juu ya buti na mahali pa kukanyaga kwenye bampa la nyuma. Gari likikwama, nevigeta anatoka, anapanda nyuma na kurukaruka ili magurudumu yashike. Nevigeta wetu aliruka mpaka viatu vikabaki kwenye tope. Wanakijiji ndio waliowatoa, kwa mabega yao, gizani. Alifika Voi peku.

Tukafanya kazi. Nilipomaliza kioo, tajiri akamwona mama amesimama pembeni na sufuria lake. Akaniuliza, "Ni nani yule?" Nikamwambia ni mama yangu. Bwana, mtu ana adhabu za kutosha kumtia wazimu, kila dakika ni mali, naye akafungua mlango. Akatoka. Ile mara moja tu nilimwona akitoka kitini kwenye huduma. Akamsalimia mama kwa mikono miwili, "Shikamoo mama, asante kwa kijana," akachota kimanga kwa mkono wenye vumbi, akala amesimama, akamwita na nevigeta aje ale. Halafu akarudi kitini, akaondoka. Mama yangu alilisimulia jambo lile mpaka anaingia kaburini.

Tulimaliza Safari ile. Mbele Mehta alishinda, Röhrl wa pili, Mike Kirkland wa tatu. Sisi tulikuwa nyuma huko, lakini tulipanda jukwaa la KICC na gari letu likiwa na taa ya kuazima, na watu wa Grogan walikuwa wamekuja wote.

spana13

Mzee umenitoa machozi nikiwa kazini. Kitu kimoja, mwaka uliofuata si ndio Audi Quattro zilikuja? Gereji zenu zilipokeaje gari la kuvuta magurudumu yote manne?

mtaita_mzee

Ndiyo, 1983. Ari Vatanen akashinda na Opel Ascona 400, gari la kuvuta nyuma, na Quattro zikafika ya pili na ya tatu. Hannu Mikkola wa pili. Wa tatu Michèle Mouton, na nevigeta wake Fabrizia Pons, wanawake wawili. Pale Grogan kulikuwa na mabishano kabla, kuna waliokula kiapo kwamba mwanamke hatarudi Nairobi na gari zima. Tajiri hakuingia kwenye mabishano. Lakini Mouton alipofika mwisho, alitukusanya vijana wote mbele, akaanza kupiga makofi, na akatutazama mpaka tukapiga wote. Kesho yake kazini akasema gari la Mouton lilikuwa safi kuliko la wanaume wengi waliomaliza, na tukalizungumzia hilo wiki nzima. Kwake hiyo ilikuwa sifa ya juu kabisa.

Baada ya hapo mambo yakabadilika haraka. Toyota walikuja na Celica ya turbo, Björn Waldegård akashinda 1984, na mwaka uliofuata Juha Kankkunen, mgeni kabisa wa Safari, akaibeba mara ya kwanza tu kuigusa. Mtu wa duka la vipuri hakuweza tena kushindana na bajeti zile. Tajiri alijua. Aliniambia mwenyewe, bila kulalamika, kwamba gari lake limekuwa la zamani naye pia. Nilifurahi sana baadaye, mwaka 1994, Ian Duncan wa hapa hapa aliposhinda na Toyota, na Patrick Njiru akamaliza wa nne na Subaru Impreza. Nilimpigia tajiri simu usiku ule. Alikuwa ameshasikia, na alitaka nimweleze sauti ya Impreza ilikuwaje.

kijana_wa_eldy

Mzee wangu, uliwahi kuliendesha lile Datsun? Usiniambie uliliosha tu miaka yote hiyo 😄

mtaita_mzee

Niliendesha mwanangu. Baada ya kupata daraja la pili, tukiwa tunarudi kutoka mazoezi upande wa Narok, alisimamisha gari pembeni akaniambia nizunguke upande wa usukani. Nikakaa. Akakaza mkanda upande wa nevigeta, akaniambia, "Nipeleke nyumbani," halafu akalala. Watu wa gereji walijua tajiri hakuwahi kulala kwenye gari linaloendeshwa na mtu mwingine, hata na nevigeta wake. Niliendesha kwa mwendo wa kubeba mayai mpaka Grogan. Fundi mkuu alipotuona tukiingia hivyo, mimi usukanini na tajiri kichwa kimeinama, alidhani mzee amefariki, akaja mbio. Tajiri akafumbua macho, akamuuliza, "Umesikia gia ya tatu?" Kumbe njia nzima alikuwa akiisikiliza. Sinkro ya gia ya tatu ilikuwa inaanza kuisha, na kweli tuliifungua kesho yake.

Gari lenyewe aliliuza, na walionunua wakalipeleka nje. Ila magari ya kizazi kile bado mnaweza kuyaona: ile Safari Classic iliyoanza 2003 hukimbiza magari ya zamani, Datsun 240Z, Escort, Porsche 911, na mara nyingi hupita upande wetu wa pwani. Ikitangazwa tena nitaandika hapa hapa. Atakayekuja Taita anitafute, nitamwonyesha pa kusimama ambapo unaona kona mbili kwa pamoja na vumbi linakwenda upande mwingine. Spana13, njoo na tochi.